Vipele baada ya kumeza antibayotiki: cha kufanya kabla hujaitupa pakti

Mie nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Chake Chake, Pemba, miaka mingi kidogo, si daktari, nalisema mapema asije mtu akanivisha koti lisilo langu, lakini kama kuna kitu nimekiona mpaka nimekizoea basi ni mtu kuingia dukani kapandisha mkono wa shati, "hebu nitizamie hapa, nimetoka vipele, nipe dawa ya kupaka". Namuuliza wiki hii umekunywa dawa gani. "Vidonge tu." Vidonge gani? "Vile vya rangi mbili." Pakti yake iko wapi? "Nshaitupa."

Basi hapo tunakuwa sote wawili gizani, maana vidonge vya rangi mbili viko chungu nzima, na mwengine hata pakti hajapewa, kafungiwa vidonge kumi na tano ndani ya kikaratasi kilichoandikwa 1x3 na hakuna jina, kwa hiyo hajui alichomeza na mie sijui cha kumkataza. Haya ntayaeleza kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe nyumbani kwangu, na mpangilio una maana, usiruke.

Kwanza kabisa, tizama pumzi kabla ya ngozi

Usianze kuhesabu vipele. Mtizame mtu. Anapumua vipi, midomo au ulimi umevimba, kope zimefura, sauti imekwaruza, anasema koo linambana, kifua kinapiga filimbi, anatapika, kizunguzungu, jasho la baridi, macho yanamzunguka? Yakija haya pamoja na mabaka ya kuwasha yaliyoinuka ndani ya dakika chache mpaka saa moja tangu ameze kidonge au apigwe sindano (mara chache yanachelewa, lakini ndani ya masaa sita hivi) basi hakuna tena hatua ya pili wala ya tatu, hospitali sasa hivi.

Mlaze chali, miguu iinuliwe juu ya mto au ndoo iliyopinduliwa. Kama pumzi ndo inayomsumbua zaidi muache akae kitako na miguu kainyoosha. Asisimame, asitembezwe, hata akisema anataka kwenda msalani, maana presha inakuwa imeshuka na watu wanaanguka pale pale wanapoinuliwa. Na hapa nina ugomvi na honda zetu, najua ndo usafiri wa haraka kila kijiji lakini mtu wa hali hii ukimpakia katikati ya watu wawili kakaa wima unamuumiza, tafuteni gari hata ya kubebea ndizi, alale. Walio visiwani kama Kojani au Fundo pigeni simu kwanza kituo cha afya huku boti inatayarishwa, muwakute wamejiandaa.

Dawa ya hali hii ni sindano ya adrenalini, inapigwa kwenye nyama ya paja, na inafanya kazi ndani ya dakika. Piriton, vile vidonge vya aleji, inapunguza kuwasha, haifungui koo, kwa hiyo usikae nyumbani unasubiri Piriton ishike. Na akishapata nafuu msing'ang'anie kuondoka, yanaweza kurudi upya baada ya masaa ingawa hajameza tena kitu, akae waendelee kumtizama.

Pili, tafuta dalili za ngozi inayoungua

Kuna hatari nyengine haiji kwa kasi, inakuja polepole na ndo inayowapumbaza watu. Dawa unaweza kuwa umeanza tokea siku nne mpaka wiki nne nyuma, unaanza na kama mafua, homa, macho yanachoma, halafu vipele. Jiulize hivi: ngozi inawasha au inauma? Vipele vya kawaida vya dawa vinawasha. Ngozi ikiwa inauma kama imemwagiwa maji ya moto, kuna malengelenge, kuna vidonda mdomoni au midomo imekauka damu, macho mekundu, sehemu za siri zina vidonda, au ukisugua kidogo kwa kidole ngozi inaambuka, hiyo si ya duka la dawa na usimruhusu mtu wa duka akuuzie chochote, mie nikiwemo. Hospitali ileile siku, na yenye kulaza. Pemba tuna Abdulla Mzee kule Mkoani, tuna Wete, tuna Chake, Unguja wana Mnazi Mmoja, uliyopo karibu nayo.

Vilevile uso ukivimba, tezi za shingo zikitoka, homa haishuki, macho yakawa ya manjano au mkojo kama chai ya rangi, hata kama dawa umeanza wiki mbili mpaka nane nyuma na ushaimaliza, nenda. Hapo mwili ndani nao umeguswa, ini khasa.

Sasa kama hakuna hata moja katika haya, shusha pumzi, tuendelee.

Tatu, simamisha dawa, hifadhi pakti

Dozi inayofuata usiimeze. Najua tumefundishwa dozi lazima imalizwe, na ni kweli, lakini ukitoka vipele sheria inabadilika, unasimama kwanza unamuuliza aliyekuandikia. Isipokuwa mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu au dawa za virusi vya ukimwi, huyo asijiamulie mwenyewe, aende kliniki yake siku ileile wamuamulie wao kipi kisimame na kipi kiendelee.

Pakti, chupa, kikaratasi, daftari la hospitali, vyote tia kwenye mfuko mmoja. Kwa mtoto chukua na chupa ya ile dawa ya unga iliyochanganywa maji. Nimeona mama kaosha chupa kaitia mafuta ya nazi, kibandiko kimebanduka, na sote tumekaa tunaitizama ile chupa haisemi kitu.

Nne, tizama ngozi kwa mwanga wa jua

Vitabu vingi vinasema "vipele vyekundu". Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani hivyo, unaona rangi ya zambarau iliyoiva, au kahawia, au weusi tu ulioongezeka, mwengine haoni kitu kabisa anahisi tu. Toka nje barazani, si chini ya taa ya ndani, pitisha mgongo wa mkono juu ya kifua na tumbo, utahisi pana joto na pana chenga chenga kama umepapasa ungo wenye mchele. Tizama viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na ndani ya mdomo, hapo rangi inasema kweli.

Halafu chukua biro ya kawaida, chora mstari kuzunguka ukingo wa baka moja, andika saa. Baada ya masaa kadhaa rudi utizame. Kama baka lenyewe limehama, lilikuwa pajani sasa liko mgongoni na pale pa mwanzo pamekuwa safi, hayo ni mabaka ya aleji ya papo kwa papo, yanahama hama, moja halikai mahali masaa 24. Kama limebaki palepale na ndugu zake wanaongezeka, hiyo ni ile ya kuchelewa. Daktari ukimwambia hivi umemrahisishia nusu ya kazi. Piga na picha, kila siku moja, saa ileile, maana ukifika hospitali siku ya tatu vishabadilika na kila mtu anasema "lakini mbona havionekani".

Tano, hesabu siku, na hapa nataka tukae kidogo

Wengi wanahukumu dawa ya jana. Dawa ya jana mara nyingi haina kosa. Ile aleji ya kuchelewa, ambayo ndo nyingi zaidi, mtu anayekutana na dawa kwa mara ya kwanza inamtoka siku ya tano, ya saba, ya kumi, wengine dozi imeisha tokea juzi ndo vinatoka, vinaanzia kifuani na mgongoni vinashuka mikononi na miguuni, vidogo vidogo kama shurua. Ukiwahi kuitumia zamani ikakudhuru, safari ya pili inawahi, siku moja mpaka tatu. Kwa hiyo mtu aliyemaliza amoksilini Ijumaa, Jumapili akameza Panadol ya kichwa, Jumatatu akatoka vipele, anakuja ananiambia Panadol inamdhuru, na toka hapo maisha yake yote anaikataa Panadol masikini haina hatia, na amoksilini anaendelea kuimeza.

Chora mstari kwenye karatasi, andika siku kumi na nne za nyuma, kila siku ulimeza nini. Kila kitu: antibayotiki, diklofenaki ya mgongo, dawa ya mwarobaini, unga wa mizizi uliopewa na mtu wa Micheweni, kila kitu. Usione haya, hakuna anayekuhukumu.

Sasa nikuhadithieni ya mjomba wangu, wa Gando. Alikuwa na doa nyuma ya mkono wa kushoto, duara kama sarafu, jeusi kama sizi la chungu, na jengine dogo pembeni ya mdomo. Mara lipo limetulia, mara linawaka, linafura, linatoa lengelenge, linapasuka, halafu linarudi kuwa jeusi zaidi ya mwanzo. Mahali palepale. Sasa ugonjwa unaorudi mahali palepale usiku wa manane kwetu unajua unaitwaje, ikasemwa hasadi, ikasemwa kuna mtu anamchezea, akaandikiwa kombe akanywa, akavaa hirizi, na likarudi.

Nilimkuta siku moja lipo bichi. Nikamwambia mjomba, juzi tumbo lilikusumbua? Akanitizama, "We mjomba umejuaje?" Nikamuomba mfuko wake wa dawa, ule mfuko wa rambo unaoning'inia msumarini nyuma ya mlango, kila nyumba upo, nikaumwaga mkekani. Ndani mna tochi mbovu, betri, na karatasi tatu za Septrin (nayo ni antibayotiki), mbili tupu moja imebaki vidonge vinne. Tumbo likimkoroga anameza viwili, baada ya masaa machache doa linawaka. Ndo yote. Kombe halikuwa na kosa, alikuwa analinywa na Septrin juu yake!

Hii ni aina ya aleji ya dawa yenye makao yake, ngozi inaweka alama na kila ukirudia dawa inawaka alama ileile, tena inaweza kuongeza nyengine mpya. Inapenda midomo, mikono, na sehemu za siri, na hapo kwenye sehemu za siri ndo ndoa zinaingia matatizoni kwa sababu mtu anadhaniwa kaleta maradhi ya zinaa. Septrin ni maarufu kwa hili, dawa za jamii ya tetrasaiklini nazo, Flagyl pia, na baadhi ya dawa za maumivu. Mjomba hajaigusa Septrin tena. Weusi bado upo lakini umetulia.

Sita, kabla hujaisingizia dawa

Pemba hii ina vitu vingi vya kumuwasha mtu bila ya antibayotiki. Umeingia shamba penye upupu? Umepanda mkarafuu wenye maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, wakakutafuna? Umeoga baharini ukakutana na konyeza? Hivyo vinatoka pale palipoguswa tu, si mwili mzima. Harara ya joto inakaa shingoni na penye mikunjo. Tetekuwanga ina vijipu vya maji vya umri tofauti, vyengine vinatoka vyengine vinakauka. Shurua ya kweli inatanguliwa na siku kadhaa za homa, kikohozi, na macho mekundu, na hiyo ipeleke kituoni kwa sababu inaambukiza.

Halafu kuna jodari. Samaki jodari aliyelala juani mchana kutwa bila ya barafu, hata umkaange vipi, anaweza kukutoa wekundu wa uso, mabaka, kichwa kupiga na moyo kwenda mbio ndani ya dakika chache au saa moja baada ya kula, na ukauliza nyumbani utakuta si wewe peke yako. Ile ni sumu ya samaki kuharibika, wala si aleji, na wala si kidonge ulichomeza kabla ya chakula.

Na akina mama wa mwani nawapa hii peke yao. Ukipewa doksisaiklini ukaingia nayo mwani jua la saa sita, unaweza kuungua uso, shingo, na mikono, na pale palipofunikwa na kanga ni safi. Hiyo si aleji ya kawaida, ni dawa na jua vimeshirikiana. Mwambie aliyekuandikia kazi yako ni ya juani, ataangalia nyengine au atakwambia ujifunike.

Kichefuchefu, kuharisha, tumbo kuuma, fangasi ya ukeni baada ya dozi, hayo ni madhara ya kawaida ya dawa, usiende kuandikisha "nina aleji" kwa sababu ya kuharisha. Baadae utanyimwa dawa nzuri bila sababu.

Saba, kutuliza

Vile vipele vya kawaida vikishasimamishiwa dawa vinaweza kuongezeka siku moja au mbili zaidi, usipanike, halafu vinaanza kufifia, wiki moja mpaka mbili vinakwisha, ngozi inabanduka magamba kidogo. Mtu mzima anaweza kumeza setirizini ya miligramu 10 moja kwa siku. Piriton ya miligramu 4 nayo inasaidia, moja kila baada ya masaa manne mpaka sita na isizidi sita kwa siku, ila inalaza, ukimeza usipande vespa wala usikwee mkarafuu. Chagua moja, usizichanganye. Watoto, wajawazito, na wanaonyonyesha waulize kwanza.

Oga maji ya kawaida, si ya moto, sabuni kidogo isiyo na manukato. Losheni ya kalamaini inapooza. Kata kucha, za mtoto khasa. Vaa pamba.

Cha kutopaka: mafuta ya karafuu (tafadhali, najua tunayo na tunaringa nayo, lakini kwenye ngozi iliyowaka yanachoma), siki, ndimu, dalia, liwa yenye marashi, na ile mikorogo ya kujing'arisha iliyotiwa dawa kali ndani. Liwa safi juu ya ngozi nzima sina ugomvi nayo sana lakini juu ya kidonda usiweke. Na usimeze prednisoloni ya kupewa na jirani aliyebakisha.

Nane, rudi ukabadilishiwe

Watu wanasahau kwamba waliandikiwa antibayotiki kwa sababu walikuwa wanaumwa. Kusimamisha dawa hakujaponesha jipu wala nimonia ya mtoto. Rudi siku ileile au asubuhi yake na mfuko wako, waambie imenitoa hivi, siku ya ngapi, picha hizi, nipeni ya jamii nyengine. Zipo, na anayeandika ndo atachagua kwa mujibu wa maradhi, umri na mimba. Usije dukani kuchagua mwenyewe, na usikubali muuzaji akupe "ile yenye nguvu zaidi" kwa sababu yenye nguvu zaidi inaweza kuwa mtoto wa baba mmoja na iliyokudhuru.

Tisa, jua ukoo wa dawa iliyokudhuru

Hapa ndo shina la maneno yangu yote. "Nina aleji ya dawa" haimsaidii mtu. Dawa gani?

Ukoo wa penisilini mwingi unaishia na silini: amoksilini, ampisilini, kloksasilini, penisilini ya sindano, benzathini wanayopigwa kila baada ya wiki tatu au nne wale wenye matatizo ya moyo yaliyotokana na homa ya baridi yabisi. Lakini wengine wanajificha nyuma ya jina la kibiashara. Ampiclox ni ampisilini na kloksasilini. Augmentin ndani yake mna amoksilini. Mtu alinunua Augmentin akifurahi kwamba amekwepa amoksilini iliyomtoa vipele, kumbe kaikumbatia kwa bei ya juu.

Ukoo wa sefa, sefaleksini, sefiksimu, seftriaksoni ya sindano, ni binamu wa penisilini. Zamani ilikuwa inasemwa mtu mmoja katika kumi mwenye aleji ya penisilini atadhuriwa na sefa pia, sasa inajulikana ni wachache zaidi, kama wawili katika mia, ila sefaleksini inafanana kwa umbile na ampisilini na amoksilini kuliko wenziwe. Kwa hiyo si marufuku, lakini aliyekushika mkono na sindano anatakiwa ajue kabla hajachoma.

Ukoo wa salfa, Septrin ndo kaka mkubwa, Fansidar ya malaria nayo imo, na ile krimu nyeupe ya kupaka waliounguwa na moto yenye madini ya fedha na salfa nayo imo. Hapa kuna mkanganyiko nimeupigania sana dukani: wajawazito wenye aleji ya Septrin wanakataa vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vimeandikwa feras salfeti. Salfeti si salfa ya dawa. Majina yanafanana tu kama Hamadi wa Wete na Hamadi wa Mkoani, kila mtu na mamaake. Vimeze vidonge vya damu.

Na wazee wakikwambia "mie klorokwini ilikuwa inaniwasha mpaka najikuna kwa mchanga", wanasema kweli, ilikuwa inawawasha watu wengi sana huku kwetu Afrika, lakini klorokwini ilikuwa dawa ya malaria si antibayotiki, na kuwashwa kule bila vipele hakumaanishi penisilini pia itakudhuru. Usiziweke kapu moja.

Andika karatasi ndogo, tena kwa herufi kubwa, jina la dawa, mwaka, ilikufanya nini, baada ya muda gani. Mfano: "SEPTRIN. 2019. Malengelenge mkononi na mdomoni, masaa machache baada ya kumeza." Siyo "aleji" tupu. Ibandike ndani ya jalada la daftari la hospitali, piga picha ihifadhi kwenye simu, mtumie na mtu mmoja wa nyumbani kwa WhatsApp, kwa sababu siku ukiletwa huna fahamu simu yako ina neno la siri. Bibi yangu hana simu, kaandikiwa kakunja kafunga kwenye pindo la kanga pamoja na pesa zake za tambuu, na hiyo haipotei abadan. Na umuombe daktari au mfamasia ajaze fomu ya madhara ya dawa iende Wakala wa Chakula na Dawa, ni bure, inasaidia kujua kama kuna dawa yenye hitilafu sokoni.

Kumi, aleji si lazima iwe ya milele

Hii inawashangaza watu. Walioandikwa wana aleji ya penisilini, wakipimwa vizuri hospitalini, kama tisa katika kumi wanaonekana hawana. Sababu moja ni kwamba mtoto aliyekuwa na homa ya virusi akapewa amoksilini akatoka vipele, virusi ndo vilivyomtoa lakini kesi ikapewa dawa. Kijana mwenye homa ya tezi, koo limevimba, akipewa amoksilini au ampisilini anaweza kutoka vipele mwili mzima na asiwe na aleji ya kudumu. Sababu ya pili ni kwamba hata aleji ya kweli, ile ya papo kwa papo, inafifia na miaka, baada ya miaka kumi wengi wameshaipoteza.

Lakini usijijaribu nyumbani! Hili nalirudia, usimeze nusu kidonge "nione". Kujaribu ni kazi ya hospitali, penye adrenalini mkononi, na yule aliyewahi kuambuka ngozi au kupata vidonda vya mdomo na macho hajaribiwi kabisa, huyo dawa ile na ukoo wake ameachana nao. Unachoweza kufanya ni kumuuliza daktari siku ya kawaida huumwi kitu: mwanangu alitoka vipele akiwa na miaka miwili na amoksilini, sasa ana kumi, bado tuikatae? Atakuuliza vilikuwaje, siku ya ngapi, alivimba, alilazwa. Na wewe kama uliandika, una majibu.

Madoa meusi yanayobaki baada ya vipele kukauka yatachukua miezi, kwenye ngozi nyeusi ndo kawaida yake, hayahitaji krimu ya kung'arisha. Yafunike na jua, yaache. Kijana mmoja wa Wawi aliyenijia na mkono wa shati juu alitaka krimu hiyo hiyo, nikamnyima, nikampa karatasi na biro aandike jina la dawa. Alikasirika. Wiki iliyopita kaja kumnunulia mamaake dawa ya presha, kabla sijamuuliza chochote katoa pochi, kile kikaratasi kimo, kimechakaa pembe.